Majumba ya Unguja na Jasho la Watu wa Bara

Watu wa Nanganga na wa Ruangwa na Nachingwea wakiutaja mji wa Unguja huutaja kama mji wa watu wengine, mji wa masultani na wageni, ambao sisi hatuna sehemu ndani yake. Walimu nao mara nyingi hufundisha majina ya majumba yake kama mtu asomavyo orodha, na watoto huyasahau upesi. Lakini sivyo ilivyo. Mali iliyoujenga mji ule ilipita katika nchi yetu, na wengi waliobeba mawe yake walitolewa bara, kwa nguvu. Tena katika mji ule ule walitoka watu waliokuja kuanzisha kituo cha Masasi. Basi yatupasa kuyajua majumba yale, kila moja kwa jina lake, na mwaka wake, na sababu ya kujengwa kwake.

Kwanza tutazame vitu vilivyotumika. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kisiwani, yakashikamanishwa kwa chokaa iliyochomwa. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, na nyingi katika hizo zililetwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Kwa kuwa boriti haziwi ndefu sana, upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ndiyo sababu vyumba vya kale vya Unguja ni virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Basi mtu akisimama katika chumba cha tajiri wa Unguja na kuinua macho darini, huenda aone miti ya Rufiji, nchi ya jirani zetu.

Mbele ya bahari, mahali paitwapo Forodhani, yapo majengo makubwa yaliyopangana. La kale kuliko yote ni Ngome Kongwe. Wareno waliwahi kuwa na kanisa mahali pale. Waarabu wa Omani walipokwisha kuwafukuza Wareno katika pwani hii, mwishoni mwa karne ya 17, wakajenga ngome hiyo ili kujilinda wasirudi. Ngome imepitia kazi nyingi tangu siku zile: ilikuwa gereza katika karne ya 19, kisha karakana ya reli ndogo ya Bububu, na siku hizi ndani yake watu hutazama ngoma na michezo. Kuta ni zile zile. Walio ndani ndio waliobadilika.

Karibu na ngome lasimama Jumba la Ajabu, ambalo kwa Kiarabu huitwa Beit al-Ajaib. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya karamu na heshima za dola. Lilikuwa refu kuliko nyumba zote za mji, lenye baraza pana pande zote, zilizoshikwa na nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo. Baadaye likatiwa taa za umeme na lifti, vitu ambavyo wenyeji walikuwa hawajapata kuviona, na ndiyo maana jina lake likawa la ajabu. Majumba ya sultani yaliungana kwa madaraja ya juu, ili wanawake wa jumbani wapite pasipo kuonekana na watu wa njiani.

Fahari ile iliguswa asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani kukalia kiti pasipo ridhaa ya Waingereza. Walimpa saa, saa ilipopita, manowari zao zikapiga mizinga. Vita ile haikutimiza hata saa moja, lakini watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa. Jumba lililoitwa Beit al-Hukm liliharibika kabisa, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya majumba ukabomoka. Jumba la Ajabu lilibaki, na baadaye likatiwa mnara wa saa. Tangu mwaka 1911 likawa nyumba ya ofisi za serikali. Jumba la jirani, Beit al-Sahel, lilijengwa upya, na masultani wakakaa humo mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Hapo likaitwa Jumba la Watu, na tangu mwaka 1994 ni makumbusho.

Waingereza nao walijenga. Aliyewachorea majengo mengi alikuwa John Houston Sinclair, mtu wa serikali aliyekuwa pia fundi wa kuchora ramani za nyumba. Hata mwaka 1922 akawa mkuu wa Waingereza kisiwani kwa muda wa miaka miwili. Yeye ndiye aliyechora jengo la Mahakama Kuu la Vuga, na nyumba ya mkuu wa Waingereza ambayo baadaye ilifanywa Ikulu, na Beit al-Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925. Majengo haya yana makuba na matao ya namna ya Kiarabu, ingawa waliokaa ndani walikuwa Wazungu. Twaona kwamba mtawala mgeni alitaka kuvaa vazi la nchi, ili watu wamzoee.

Basi, mali ya kujengea hayo yote ilitoka wapi? Ilitoka katika karafuu zilizolimwa na watumwa. Ilitoka katika pembe za ndovu na sandarusi na watu. Misafara ilishuka kutoka Nyasa, ikapita katika nchi za Wayao na Wamakua na Wamwera, hata Kilwa Kivinje, na kutoka huko majahazi yakawapeleka mateka Unguja. Ukoo uliopotewa na mtu wake katika siku zile haukupata kujua kama alikufa njiani, au baharini, au kama aliishi akabeba mawe ya jumba fulani. Majina yao hayakuandikwa penye mlango wowote. Tukisema majumba yale ni ya masultani, twasema kweli, lakini kweli nusu.

Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia kazi, naye paa lake alilitengeneza kwa matumbawe na saruji, jambo ambalo watu waliliona haliwezekani. Mbele ya altare huonyeshwa duara la marumaru, na husimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare ile. Nje ya kanisa pana sanamu za watumwa, zilizowekwa mwaka 1998, zimesimama ndani ya shimo, shingoni zina minyororo.

Ni Steere huyo huyo aliyeondoka Unguja mwaka 1876 pamoja na kundi la watu waliokombolewa, wakashuka Lindi, wakaenda kwa miguu hata Masasi. Wengi katika hao walitekwa wangali watoto katika nchi za kusini. Njia kuu ya leo kutoka Lindi kwenda Masasi yapita Nanganga. Kwa hiyo kila mtu asafiriye kati ya miji hiyo miwili aelekea walikoelekea watu wale. Walipelekwa Unguja kwa kamba shingoni, wakarudi bara kama watu huru.

Sasa lipo jambo moja la kuhuzunisha. Mji Mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na watu wengi husafiri kuja kuutazama. Lakini nyumba ya matumbawe haihifadhiwi kwa sifa. Paa likivuja, maji huingia katika chokaa, na boriti huoza ndani ya ukuta pasipo kuonekana. Mti mdogo ukiota katika ufa, mizizi yake hulitenga jiwe na jiwe. Na fundi akiziba chokaa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Jumba la Ajabu lilikwisha kuonyesha dalili miaka mingi. Mwaka 2012 sehemu ya baraza yake ilianguka. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulitengeneza, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Jumba lililookoka mizinga mwaka 1896 liliangushwa na uchakavu wa polepole.

Tumeyaandika haya hasa kwa ajili ya walimu. Ninyi mnaofundisha habari za kale, msiwaachie watoto majina ya masultani peke yake. Waambieni boriti zilitoka wapi, na nani aliyebeba mawe. Kisha watoeni nje, wakalitazame jengo la kale lililo karibu nao, liwe kanisa, au shule, au zahanati, na wawaulize wazee ni mikono ya nani iliyofyatua matofali yake na mwaka gani, na majina hayo yaandikwe katika daftari la shule. Nanyi wazee wa nyumba, semeni mnayoyakumbuka, hata habari za utumwa ambazo koo nyingi huzificha kwa aibu. Aibu si ya aliyetekwa. Tena kabla mvua za masika hazijaanza, watu wawili watatu na wapande juu ya paa la jengo hilo, wakatazame linapovuja.