Nyoka wa Dunga si wa baharini

Keti ufuoni Dunga jioni ukingoja mbuta wako aive, kisha utaje nyoka. Hutakosa msee wa kuapa kwamba amemwona nyoka wa baharini akipita kando ya boti. Kuona nyoka, sawa. Lakini wa baharini? Hapo zii.

Pwani ya Kenya ina aina moja tu ya nyoka wa baharini, yule wa tumbo la manjano, ambaye wanasayansi humwita Hydrophis platurus. Mgongo mweusi, tumbo manjano, na rangi hizo zimeachana kama zimepigwa rula. Mkia ni bapa kama kasia, una madoa. Kwa kawaida hafiki mita moja. Huzaa humo humo majini, na wimbi likimtupa mchangani hana ujanja, kwani kutambaa hawezi vizuri. Usimguse hata hapo: sumu yake ni kali.

Kwa kusafiri, hakuna nyoka anayemfikia. Hubebwa na mikondo kutoka Afrika Mashariki, akavuka Bahari ya Hindi na Pasifiki hadi Meksiko na Panama. Atlantiki ndiyo imemshinda, maana kusini-magharibi mwa Afrika maji ni baridi mno kwake.

Cha kushangaza, kiu ikimbana hanywi maji ya chumvi. Husubiri mvua inyeshe baharini, anywe yale ya juu kabla hayajachanganyika. Basi si angependa Ziwa Victoria? Shida ni njia. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Nile, kupitia Jinja. Nile nayo inaishia Mediterania, ambako nyoka huyu hayuko.

Yule wa Dunga mara nyingi huwa ni nyoka wa maji, Grayia smithii. Ni wa kahawia, mkia wake umechongoka, na anaweza kupita mita moja na nusu. Anakula samaki na vyura, ndiyo maana hunaswa kwenye nyavu. Binadamu hamdhuru, lakini akionekana tu, kasia linamshukia. Inauma.

Ila kuna swila wa msituni pia, naye huogelea poa sana, na huyo anaua. Kwa hivyo ukiona kichwa kinakata maji, usianze kukagua mkia. Mpishe apite.