Nibobee Wapi, Sista?

Watarajali wakija kwenye kitengo chetu cha watoto njiti hapa Dar es Salaam, hawachukui muda kuniuliza: "Sista, nibobee wapi?" Wengi wameshajijibu. Huyu anataka chumba cha upasuaji kwa ajili ya heshima yake, yule wagonjwa mahututi kwa sababu kasikia ndiko kwenye nafasi za nje. Siwalaumu, maisha yana gharama. Lakini nami huwauliza: kazi gani ndogo unaweza kuirudia zamu nzima, kesho tena, bila kuichoka?

Kila idara ina kazi yake ya namna hiyo. Chumba cha upasuaji ni kuhesabu: chachi, sindano na vifaa huhesabiwa kabla mgonjwa hajapasuliwa na tena kabla hajafungwa, na hesabu isipotimia kazi husimama mpaka kilichopotea kitafutwe. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi yuko usingizini, kwa hiyo anayependa kupiga soga na wagonjwa atapata upweke. Kwenye afya ya akili, kama pale Mirembe, Dodoma, kazi kubwa ni kusikiliza. Wodi ya wazazi ni kusubiri saa nyingi, kisha kukimbia.

Kwetu ni gramu na mililita. Mtoto wa gramu 1,200 aliyezaliwa mapema sana bado hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Mama anakamua, sisi tunapima maziwa na kumpa kwa mpira mwembamba unaofika tumboni, kila baada ya saa 2 au 3. Bomba la sindano naliinua kidogo tu, maziwa yashuke yenyewe, hayasukumwi. Macho yangu wakati huo yako kifuani pake, maana njiti husahau kupumua. Akinyamaza namsugua mgongo au unyayo, na mara nyingi huvuta pumzi. Kesho yake tunampima uzito. Akiwa ameongeza gramu 15, mama yake hutangaza wodi nzima, na mimi husimama naye kufurahi.

Mwenzetu mmoja, muuguzi hodari kabisa, alikaa nasi miezi michache akaomba kwenda idara ya dharura. Alisema huku kwetu hakuna kinachotokea. Kule anang'ara. Mimi naona kila dakika kuna kinachotokea.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kumfunga mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa Dkt. Edgar Rey Sanabria, hospitali ilipokuwa imefurika. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo: watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8 waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri hali itulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Hapo muuguzi anahitaji subira ya kumshawishi mama anayeogopa kumgusa mwanawe, na bibi aliyekuja na mablanketi manne.

Mhitimu wa shahada, baada ya miaka 4 chuoni, ana mwaka 1 wa utarajali wa kuzunguka wodi hadi wodi. Wengi huutumia kutafuta saini tu. Mimi nawaambia: kila ukitoka zamu andika ulichokifanya bila kutumwa, na mgonjwa uliyeendelea kumfikiria kwenye daladala. Zamu za usiku zinasema kweli zaidi, maana hakuna wa kukuangalia.

Najua wengine watapangiwa zahanati, na huko muuguzi hufanya yote. Hata hivyo atajikuta anavutwa na kliniki ya wajawazito au na chanjo, na siku akiomba kusoma uzamili atakuwa na la kusema. Kinachoniuma ni hospitali zinazomhamisha muuguzi aliyekwisha kuiva kwa watoto wachanga, ati zamu yake ya kuzunguka imefika. Anayeletwa anaanza upya kujifunza, na njiti hawana muda wa kumsubiri.

Mwezi huu tuna kijana mmoja ambaye zamu ikiisha bado yuko na akina mama, anawafundisha kukamua maziwa. Nimemwambia aende kwa matroni wiki hii, kabla ratiba mpya haijatoka.