Daraja Likipinda, Uzito Hutafuta Upande

Daraja la San Diego–Coronado, katika jimbo la California nchini Marekani, lingeweza kuvuka ghuba moja kwa moja. Lilipofunguliwa mwaka 1969 lilikuwa limepinda kwa kona kubwa. Sababu ilikuwa meli za kivita: zilihitaji nafasi ya mita 61 hivi kupita chini yake, na urefu ulioongezwa na kona ulipunguza ukali wa mlima kwa magari.

Kona hiyo ina gharama yake. Boriti iliyonyooka ikielemewa na lori huinama tu. Iliyopinda huinama na kujisokota pia, kama nguo inayokamuliwa, kwa kuwa katikati yake imetokeza nje ya mstari unaounganisha nguzo zinazoibeba. Kati ya boriti zinazobeba daraja, ile ya upande wa nje wa kona huelemewa zaidi. Ya ndani hupungukiwa mzigo, na mwisho wake unaweza hata kunyanyuka kutoka kwenye egemeo.

Ndiyo maana vyuma vinavyokingama kati ya boriti, ambavyo kwenye daraja lililonyooka ni wasaidizi tu, hapa hubeba mzigo halisi. Mhandisi akiviacha nje ya hesabu, afadhali asianze.

Hatari zaidi, pengine, ni wakati wa ujenzi. Boriti iliyopinda ikiwa peke yake inaweza kulala ubavu, hivyo hushikiliwa na kreni au nguzo za muda hadi ifungwe na mwenzake.

Zamani hesabu ziliichukulia boriti kana kwamba imenyooka, kisha zikaongeza nguvu za wima kuwakilisha athari ya kona. Leo kompyuta huligawa daraja vipande maelfu na kukokotoa msokoto wa kila kimoja.