Dundu wa buluu kutoka Misri

Mpwa wangu alirudi kutoka Cairo na kidude cha buluu chenye sura ya dundu, akampa nyanyake. Mamangu akakigeuza, akakiona tundu la uzi, akakirudisha mezani. "Hirizi hiyo. Haikai nyumbani mwangu." Kijana akacheka, ati ni pambo la watalii tu.

Chake ni cha kuigiza, kweli. Lakini mama hakukosea. Wamisri wa kale walimtazama dundu akifingirisha donge la mavi, wakaona ndivyo jua linavyosukumwa angani. Khepri, mungu wao wa jua la asubuhi, walimchora kwa sura ya dundu. Basi wakamvaa shingoni na kwenye pete, ili awakinge. Maiti nao waliwekewa dundu mkubwa kifuani, ameandikwa maneno ya kuusihi moyo usimshuhudilie vibaya mwenyewe kwenye hukumu. Kama hiyo si hirizi, sijui hirizi ni nini.

Kilichonishika mimi ni ile rangi. Wengi hudhani ni udongo uliopakwa rangi. Sivyo. Ni mchanga mweupe uliosagwa, chokaa kidogo, magadi na shaba. Kikikauka, chumvi hupanda juu. Kikiingia tanuruni, ile chumvi huyeyuka pamoja na mchanga ikawa kioo cha rangi ya feruzi. Asiyeweza kununua jiwe la feruzi alijipatia buluu yake hivyo.

Kidude sasa kiko kabatini kwangu. Mama ameshaniuliza mara mbili nitakitoa lini.