Mashini inafua, lakini inanuka: tufanye nini?



Katika darasa langu kulikuwa na mtoto mmoja aliyekaa peke yake kwenye benchi la watoto watatu. Shati lake jeupe halikuwa na doa, na suruali ya bluu ilipigwa pasi vizuri. Lakini wenzake walifunika pua. Nilipomkaribia nikasikia harufu ya nguo iliyolala na unyevu. Nikamwita mama yake kwa upole, maana neno la harufu linauma kuliko neno la pointi mbaya.

Mama akaja jioni, akaniambia: «Mwalimu, nguo zetu nazifua kwa mashini.» Alikuwa amenunua mashini iliyokwisha kutumika, ile ya matangi mawili, moja la kufua na moja la kukamua. Alitaka afue nguo za nyumbani na za majirani, apate franga kidogo za kusaidia watoto. Sasa wateja wawili walikuwa wamemwacha. Kila harufu ilipozidi, yeye aliongeza sabuni. Hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Harufu inatoka wapi?

Sabuni isiyosuuzwa vizuri haipotei. Inashika ukuta wa tangi, inakusanya jasho, mafuta ya mwili, nyuzi za nguo na vumbi letu jekundu la Bunia. Ukipitisha kidole chini ya tangi utasikia utelezi. Utelezi huo ni makao ya vijidudu na ukungu, na harufu ni yao. Kwa hiyo sabuni nyingi ni chakula chao.

Kwetu kuna mambo mawili yanayowasaidia. La kwanza, tunafua kwa maji baridi tunayomimina kwa bidoni, na kwa kuwa maji ni ya kuteka, tunasuuza mara moja tu. La pili, kuranti inakatika katikati ya kazi. Nguo zinalala ndani ya maji machafu hadi kesho, mfuniko umefungwa.

Kusafisha mashini yenyewe

Fanya hivi mara moja kwa mwezi, au kila wiki mbili kama unafua za watu. Tangi liwe tupu, bila nguo.

1. Chomoa waya wa kuranti. Toa kile kifuko kinachokamata nyuzi, ukigeuze ndani nje, ukisugue kwa mswaki wa zamani. Sugua pia chini ya mfuniko na kingo zote.

2. Tayarisha maji ya moto. Bunia iko juu, karibu metre 1.275, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye digri 96 hivi. Lita 5 za kuchemka ukizichanganya na lita 5 za baridi, unapata karibu digri 60. Kama mashini imeandikwa mwisho digri 50, weka lita 4 za kuchemka kwa lita 6 za baridi. Changanya ndani ya basini kwanza, usimimine maji ya kuchemka moja kwa moja juu ya plastiki.

3. Mimina ndani ya tangi pamoja na kijiko kimoja cha sabuni ya unga. Izungushe dakika 10, iache saa moja, izungushe tena, kisha mwaga. Usishangae ukiona maji ya kijivu yenye vipande vyeusi.

4. Suuza kwa maji safi mara mbili. Shusha mpira wa kutolea maji chini kabisa ili yasibaki maji ndani yake.

5. Pangusa kwa kitambaa kikavu na uache mifuniko yote wazi hadi kesho. Hii hailipiwi hata franga moja, lakini ndiyo dawa kubwa.

Mwenye mashini ya mlango wa mbele aangalie sehemu tatu zaidi: mikunjo ya mpira wa mlango, kisanduku cha sabuni, na kichujio kilicho chini mbele. Weka basini kabla ya kufungua kichujio, maji yatatoka.

Angalia sana javeli

Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, nyumba nyingi za Ituri zimezoea harufu ya klorini, hata hatuiogopi tena. Mama huyu alimimina javeli, akaongeza ndimu ili «iwe na nguvu», mlango wa chumba umefungwa. Alikohoa hadi usiku. Javeli ikikutana na ndimu au siki, inatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Ikikutana na mkojo, inatoa hewa nyingine mbaya. Kwa hiyo nguo za mtoto mchanga zisuuzwe mkojo kwanza, kabla ya javeli yoyote.

Ukitaka kutumia javeli, itumie peke yake, ndani ya maji baridi, dirisha likiwa wazi na watoto wakiwa mbali, kisha suuza sana. Ukiona macho yanachoma na kifua kinabana, acha vyote, toka nje. Pumzi ikiendelea kuwa nzito, nenda hospitali.

Na sisi wa basini?

Wengi wetu hatuna mashini, lakini funzo ni moja. Basini linaloteleza linanukisha nguo vilevile. Lisugue, ligeuze juani. Usiloweke nguo siku mbili. Pima sabuni, na maji uliyobakiza yatumie kwa kusuuza mara ya pili. Wakati wa mvua, usirundike nguo mbichi ndani ya kapu: zitandaze ndani penye upepo, nguo moja mbali na nyingine. Na kuranti ikikatika, mwenye mashini atoe nguo mara moja, amwage maji, amalize kwa mkono.

Mama huyu alianza na maji ya moto siku ya Jumamosi. Sabuni aliipunguza nusu, na akaanza kuacha mifuniko wazi. Mara ya kwanza harufu ilipungua, mara ya pili ikaisha. Mteja mmoja amerudi, wa pili bado. Mtoto wake sasa anakaa katikati ya benchi, na juzi nilimkemea kwa kuongea na jirani yake. Nilimkemea kwa furaha.

Wamama, tukisikia harufu kwa mtoto wa mwenzetu, tusicheke. Tumwite pembeni, tumwonyeshe. Wiki njema kwenu na kwa nyumba zenu.