Dompo Ionje Mwisho

Magole iko kandokando ya barabara ya Dodoma, na wageni wanaolala kwangu kabla ya kuupanda mlima wa Gairo huniuliza sana: tukifika kwenye viwanda vya mvinyo, tuonje aina ngapi?

Nne zinatosha. Tano zikizidi sana. Baada ya hapo ulimi huchoka, na kila glasi huwa tamu kwa sababu ya kilevi, si kwa sababu ya zabibu. Pigeni simu kabla ya kwenda, maana viwandani watu wapo kazini. Mkiweza, nendeni msimu wa mavuno. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kuanzia karibu na Machi na tena kuanzia Agosti. Ufaransa huvunwa mara moja tu, kwa kuwa baridi huulaza mzabibu. Huku hakuna baridi ya namna hiyo; mkulima ndiye anayeupogoa ili uchipue upya.

Jambo ninalolisisitiza ni mpangilio. Anza na mweupe usio na sukari, kama Chenin Blanc. Fuata na mwekundu, na hapo uliza Makutupora, zabibu yenye jina la eneo la Dodoma penye kituo cha utafiti wa zabibu. Uache mvinyo uzunguke mdomoni mpaka uusikie ukakasi kwenye fizi, ule wa ndizi mbichi. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na mbegu, wala si dalili kwamba mvinyo umeharibika. Ukikuudhi, tafuna kipande cha nyama choma ya mbuzi kisha onja tena, utalegea. Dompo, mvinyo mtamu, iwe ya mwisho. Ukitangulia nayo, sukari itaganda ulimini na Chenin Blanc utaisingizia kwamba imechacha.

Joto nalo huharibu. Mwekundu uliokaa mezani mchana wa Dodoma hunuka pombe tupu, kwa hiyo omba upoozwe kidogo.

Na tema! Wengi wetu tunaona kutema ni kumvunjia heshima mwenyeji, lakini waonjaji wa kazi duniani kote hutema. Omba ndoo au kikombe. Dereva asiyetema asishike usukani. Mteremko wa kutoka Gairo kuja kwetu naujua, na malori yake nayajua.

Ukifika Hombolo, huko Dodoma, ambako kampuni ya mvinyo ya Cetawico ilijenga kiwanda karibu na mashamba, usiishie kwenye glasi. Kuna mvinyo unaotengenezwa kwa mchuzi wa zabibu kutoka nje, huku wakulima wa Dodoma wakihangaika na zabibu zinazooza kwa kukosa mnunuzi. Serikali imeweka ushuru wa chini kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini, na mnunuzi wa mvinyo naye ana sauti yake. Mimi kabla sijatoa pesa humuuliza anayenimiminia: zabibu hizi zimelimwa kijiji gani?