Istilahi za Kozi za Kuchagua katika Vyuo Vikuu vya Zanzibar

Miongoni mwa barua zinazotufikia mara kwa mara, nyingi ni za walimu na wafasiri wanaouliza jina la Kiswahili la zile kozi ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu hupewa nafasi ya kujichagulia mwenyewe, mbali na zile alizopangiwa na chuo. Swali hili laonekana dogo. Lakini jibu lake likikosewa humgharimu mtu mwaka mzima, kama itakavyoonekana hapa chini.

Yapo majina manne yanayotumika hivi sasa: kozi za hiari, kozi za kuchagua, kozi chaguzi na kozi teule. Wengine huongeza la tano, kozi za ridhaa, lakini hilo tuliache kwa wachezaji wa mpira, kwani ndiko lilikokwisha kuzoeleka. Majina hayo huandikwa kana kwamba yana maana moja, hata ndani ya waraka mmoja. Sisi twaona kwamba hayana maana moja, na kwamba mawili kati yake hayafai kabisa.

Tuanze na kozi teule. Kitenzi teua chamtaka mtu mwenye mamlaka ateue na mwingine ateuliwe. Mteule ni yule aliyechaguliwa na mkubwa wake au na wengi, wala hakujichagulia mwenyewe. Kwa hiyo kozi teule, kwa sikio la mwenye lugha, ni kozi iliyokwisha kuteuliwa na chuo, yaani kinyume cha kile kinachokusudiwa. Jina la kozi chaguzi nalo limeundwa kwa njia inayokubalika, lakini neno chaguzi ni wingi wa uchaguzi. Mtu wa Unguja akilisikia huwaza foleni na masanduku ya kura kabla hajawaza darasa.

Yamebaki mawili, hiari na kuchagua, na hapa ndipo penye uzito. Hiari ni neno la Kiarabu lililokwisha kuswahilika zamani, na maana yake kwetu ni kutenda jambo bila ya kulazimishwa. Mwenye hiari ana uwezo wa kutenda na uwezo wa kuacha. Methali yasema hiari yashinda utumwa. Kuchagua ni jambo jingine. Mtu aendaye Darajani kutafuta kitoweo huchagua baina ya changu, tasi na kibua, lakini harudi nyumbani mikono mitupu. Halua akiipitia njiani, hiyo ni hiari yake. Asipoinunua hapana atakayelala na njaa.

Miaka michache iliyopita alifika ofisini kwetu mzee mmoja wa Mkunazini akiwa na karatasi ya kanuni za masomo ya chuo fulani, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Matini ya Kiingereza ilimtaka mwanafunzi achague kozi mbili kutoka katika orodha ya sita. Mfasiri aliandika: "Mwanafunzi ana kozi mbili za hiari katika orodha ifuatayo." Binti wa mzee yule alizisoma kanuni kwa Kiswahili, akafahamu kama ambavyo yeyote kati yetu angefahamu, akaziacha zote mbili ili apate wasaa wa kozi ngumu. Muhula wa mwisho akaambiwa hajatimiza idadi ya kozi zinazotakiwa, na kwamba hatapata shahada mwaka ule. Mzee hakuja kugombana. Aliweka karatasi mezani akaniuliza, "Mwanangu, nyinyi ndio wenye maneno. Hiari ikiwa lazima, bado yaitwa hiari?" Nilimjibu, "Mzee wangu, hapana." Sikuwa na la kuongeza, na hata hilo halikumfaa binti yake kitu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwashauri wafasiri watumie istilahi tatu, na wala si mbili. Kozi ya lazima ni ile ambayo kila mwanafunzi wa shahada hiyo huisoma. Kozi ya kuchagua ni ile inayotoka katika kundi ambalo ni lazima mwanafunzi atwae kiasi fulani. Kozi ya hiari ni ile ambayo akiisoma ni faida yake, na asipoisoma shahada yake haipungui. Baadhi ya walimu wamesema kwamba vyuo vyetu havina kozi nyingi za namna hiyo ya tatu. Ni kweli, na ndiyo sababu mojawapo ya kulitunza neno hiari lisipotezwe kwa kuitwa lazima.

Tumeulizwa pia kama kozi lisiachwe na badala yake litumike somo, ambalo ni neno letu. Kwa skuli za msingi na sekondari somo latosha. Katika chuo kikuu, hata hivyo, somo moja kama vile historia huwa na kozi nyingi ndani yake, na tukiyachanganya hayo mawili hatutaweza kusema "kozi tatu za somo la historia". Zaidi ya hayo, huku kwetu somo bado ni yule mama anayemfunda mwari. Ana kazi yake, naye tusimsumbue.

Nafuu ni kwamba fikra yenyewe ya mwanafunzi kujichagulia elimu si ngeni Mji Mkongwe. Kabla ya kuwako chuo kikuu chochote visiwani, wanafunzi wa darsa za misikitini na za majumbani mwa masheikh walikuwa wakimfuata huyu kwa nahau, yule kwa fikihi, mwingine kwa falaki au kwa hesabu za faraidhi. Wanazuoni kama Sheikh Ahmed bin Sumeit (1861–1925) na Sheikh Abdalla Bakathir (1860–1925), ambaye madrasa yake ilikuwa Ukutani, walisomesha elimu nyingi, na mwanafunzi alikuwa akijijengea mwenyewe mpango wake kwa kadiri ya kiu yake. Hata hivyo hapakuwa na orodha ya sita wala hesabu ya mbili, kwa hiyo hapakuhitajika istilahi. Istilahi huhitajika pale panapoanza kuhesabiwa.

Sasa tugeukie majina ya kozi zenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha mwaka 2001, na baadaye kikaunganishwa na vyuo vilivyokuwapo kabla yake: cha ualimu cha Nkrumah huko Beit-el-Ras, cha fedha cha Chwaka, cha utalii cha Maruhubi na cha afya cha Mbweni. Chuo kilichokusanya fani zilizokuwa mbalimbali namna hii hakina budi kuwa na njia moja ya kuyataja mambo, hasa ikiwa mwanafunzi wa fani moja ataruhusiwa kuchagua kozi katika fani nyingine.

Kwa upande wa biashara, ujasiriamali limekwisha kupata makazi, nalo limeundwa vizuri: ni ujasiri wa kutia mali yako mahali ambapo huenda isirudi. Elimu ya kutafuta wanunuzi huitwa masoko. Bara neno hili huleta utata kidogo, maana masoko ni mahali pa kuuzia ndizi. Huku kwetu wazee wa mjini husema marikiti, kwa hiyo masoko limebaki na nafasi ya kubeba maana mpya.

Linalotutatiza zaidi ni ukarimu, ambalo sasa hutumika kwa elimu ya kuhudumia wageni mahotelini. Twafahamu jinsi lilivyopatikana: mfasiri alilikuta neno la Kiingereza linaloweza kumaanisha mambo mawili, akachukua la kwanza alilolikuta katika kamusi. Lakini mkarimu kwa Mswahili ni mtu anayekupa chai na mkate wa mofa bila ya kukuuliza utalala siku ngapi. Hoteli ya Nungwi au Paje hufanya kazi ya heshima, lakini asubuhi hutoa hesabu. Mwanafunzi anayefundishwa kupanga vyumba, kusimamia jiko na kuandika stakabadhi hafundishwi ukarimu, na akifundishwa hivyo mwajiri wake atafilisika. Twapendekeza huduma za hoteli. Si jina la fahari, lakini halimdanganyi mtu, na neno ukarimu litabaki na maana yake majumbani.

Katika elimu za binadamu, yaani lugha, historia, falsafa na sanaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia insia. Wapo wanaolilalamikia kuwa ni geni. Sisi hatukubaliani nao. Yeyote aliyelelewa Unguja amesikia insi na majini wakitajwa pamoja, na atafahamu mara moja kwamba insia ni elimu ya hao wa kwanza. Twashauri litumike bila ya maelezo.

Kwa sayansi tuna maneno machache tu. Takwimu zamani lilikuwa jina la kalenda, kisha likahamia kwenye hesabu za idadi ya watu, mazao na kadhalika, na ndiko liliko sasa. Lisitumiwe tena kwa data. Tangu mwaka 2023, tawi la chuo cha teknolojia cha Madras lilipofunguliwa Bweleo na kuanza kufundisha sayansi ya data, tofauti hii imekuwa ya lazima: data ni taarifa ghafi, na takwimu ni elimu ya kuzichambua na matokeo yake. Katika kozi za elimu ya bahari, kwa upande mwingine, wafasiri huunda maneno pasipo haja. Bamvua, maji mafu, kusi na kaskazi yamo vinywani mwa wavuvi wa Mkokotoni na Kizimkazi, nayo ni sahihi kuliko tafsiri nyingi tulizoletewa. Mfasiri aende pwani kabla ya kwenda kamusini.

Kundi la mwisho ndilo jipya kabisa: kozi za kumsaidia mwanafunzi aishi vyema, zinazohusu lishe, mazoezi ya viungo, usingizi, na utulivu wa nafsi. Wengi wameziita kozi za ustawi. Neno ni zuri. Twasema mpunga wa Cheju umestawi, na mtu naye aweza kustawi. Lakini ustawi limekwisha kufungamana na ofisi ya ustawi wa jamii, ambako watu hupeleka mashauri ya matunzo ya watoto na magomvi ya unyumba. Mwanafunzi atakayeona "kozi ya ustawi" ubaoni huenda akadhani anaitwa kusuluhishwa. Afya peke yake nayo humpeleka mtu hospitali. Tumelipendelea siha, kwa kuwa hutajwa mtu akiwa mzima na hutajwa hata katika kuamkiana, na jina kamili tunalolipendekeza ni siha ya mwili na nafsi. Kwa ile kazi ya mshauri anayemsikiliza mwanafunzi aliyelemewa, unasihi latosha. Ushauri nasaha ni kusema jambo moja mara mbili.

Wenye kuandaa miongozo ya masomo ya mwaka ujao wanaombwa watuletee orodha zao za majina ya kozi kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa. Ukurasa wa kanuni utangulie, na majina ya kozi yafuate.